Matope ya Hanang yalisema nini juu ya Mungu?

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mkoani Manyara, Mlutheri tangu utoto. Nilipokuwa nikifundisha maporomoko ya ardhi kwa mfano wa Hanang wa Desemba 2023, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akasema: 'Mwalimu, kwenye kipaimara tulifundishwa kwamba Mungu hujifunua kwa uumbaji na kwa Biblia. Sasa yale matope yalikuwa yanafunua nini?' Nilimwambia tutazungumza baadaye, na mpaka leo sijazungumza naye. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba siku chache baada ya maafa nilimsikia mhubiri mmoja akisema Mungu ameongea nasi kwa sababu ya dhambi za watu wa pale. Mdogo wangu naye ameacha kwenda kanisani. Anasema akipanda mlima anamwona Mungu kuliko akisikiliza mahubiri. Tena namkumbuka mama yake babu yangu, Mchaga wa Machame, ambaye tunasimuliwa kwamba alimwomba Ruwa, yaani Mungu kwa Kichaga, akitazama jua linakochomoza, akafa bila kubatizwa. Je, uumbaji ulimtosha? Asili na Maandiko vinasema jambo moja, au tulifundishwa vibaya?"

Mwalimu, ndani ya barua yako nimewahesabu watu wanne wanaoutazama uumbaji, na kila mmoja amesikia neno lake. Mhubiri amesikia hukumu. Mdogo wako amesikia amani. Mama yake babu yako alisikia mwito wa kuomba. Mwanafunzi wako peke yake ndiye aliyekiri kwamba ametazama na hakuelewa alichoambiwa, na kwa maoni yangu yeye, bila kujua, ameisoma Biblia vizuri kuliko mhubiri. Hamkufundishwa vibaya. Ile sentensi ya kipaimara ni sahihi, lakini iliwafikia imekatwa mkia, nami nitajaribu kuurudisha.

Walimu wa Kanisa huita njia ya kwanza ufunuo wa jumla, kwa kuwa haichagui mtu: mvua, nyota, majira, na ile dhamiri ambayo Paulo anasema katika Warumi 2 kwamba huwashuhudia hata watu wasio na torati. Njia ya pili huitwa ufunuo wa pekee, yaani yale ambayo Mungu aliyasema na kuyatenda kwa watu fulani, mahali fulani, wakati fulani, kuanzia Ibrahimu mpaka Yesu Kristo, na ambayo Maandiko huyashuhudia. Mwaka 1561 Guido de Brès, mchungaji wa Kiprotestanti katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliandika ungamo la imani linaloufananisha ulimwengu na kitabu kizuri ambacho viumbe vyote, vikubwa kwa vidogo, ni herufi zake. Kisha akaongeza kwamba Mungu hujijulisha kwa uwazi zaidi katika Neno lake. Mfano huo wa vitabu viwili ulikuwapo kabla yake, umependwa sana, nami naupenda, lakini umetuletea kosa moja. Tumedhani kwamba vitabu hivyo vina sura zilezile, kwamba kimoja ni tafsiri ya kingine, na kwamba mtu akikosa jibu katika kimoja atalikuta katika kingine. Mhubiri wako amekosea hapo, na mdogo wako naye amekosea hapohapo, ingawa wao wawili hawangekubaliana hata dakika moja.

Wewe ni mwalimu wa jiografia, basi twende Laetoli. Mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Mary Leakey walifukua huko, katika eneo la Ngorongoro, nyayo zilizoachwa juu ya majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Kwa nyayo hizo peke yake tumejua mambo ya hakika: waliopita walitembea kwa miguu miwili, hawakuwa mmoja, mmoja alikuwa mdogo kuliko mwingine, na upande waliouelekea unaonekana wazi. Hakuna mtu anayezitazama na kusema kwamba hapa hapakupita mtu. Lakini jaribu kuziuliza nyayo hizo maswali mengine. Yule mdogo alikuwa mtoto wa yule mkubwa, au mkewe? Walikuwa wakikimbia hatari, au wakienda kunywa maji? Wangekukuta njiani wangekukaribisha, au wangekudhuru? Nyayo hunyamaza. Si kwamba ni za uongo. Ni kwamba unyayo hauwezi kueleza moyo wa aliyeukanyaga. Ili uyajue hayo, ingebidi mwenyewe ageuke, akutazame, akuambie.

Paulo aliyapima maneno yake kwa namna hiyohiyo. Katika Warumi 1:20 anasema kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa kazi zake, kisha anayataja: "uweza wake wa milele na Uungu wake." Anaishia hapo. Hasemi kwamba msamaha wake hufahamika kwa kazi zake, wala kwamba tukitazama mlima tutajua kwa nini jambo fulani limempata mtu fulani asubuhi fulani. Tena anayasema hayo ndani ya shtaka, si ndani ya wimbo wa sifa: watu waliona, lakini hawakumtukuza Mungu wala kumshukuru, na mwisho wakakisujudia kiumbe badala ya Muumba. Kwa hiyo kizuizi kimoja kiko katika nyayo zenyewe, ambazo haziwezi kusema yote, na kingine kiko katika macho yetu, ambayo hupenda kuona yale tuliyokwisha kuyataka.

Makanisa hayajakubaliana sana juu ya uzito wa kizuizi hicho cha pili. Wakatoliki, katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa kwanza wa Vatikano wa mwaka 1870, walitangaza kwamba Mungu, aliye chanzo na mwisho wa vitu vyote, anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa asili wa akili ya binadamu. Sisi Waprotestanti tumekuwa wazito zaidi kusema hivyo. Jean Calvin, mmoja wa viongozi wa Matengenezo ya Kanisa, alitumia mfano wa mzee mwenye macho hafifu: ukimpa kitabu kizuri ataona kwamba kimeandikwa, lakini hataweza kuunganisha hata maneno mawili mpaka avae miwani, na miwani hiyo ndiyo Maandiko. Hata hivyo tofauti hii si kubwa kama tunavyopenda kuikuza kwenye mabishano, kwa sababu Thomas wa Akwino mwenyewe, ambaye Wakatoliki humheshimu kuliko karibu walimu wote wa teolojia, alisema kwamba kama tungeachiwa akili peke yake, ukweli juu ya Mungu wangeufikia watu wachache, baada ya muda mrefu, tena ukiwa umechanganyika na makosa mengi. Nikimsoma humfikiria mama anayeamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe na kurudi shambani mpaka jioni. Je, ingekuwa haki Mungu afahamike tu kwa mwenye nafasi ya kukaa na kufikiri?

Sasa chukua Zaburi ya 19, uisome polepole, kwa sababu hakuna mahali ambapo njia hizi mbili zimekaa karibu kuliko hapo. Inaanza: "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Wengi huishia hapo na kuuandika mstari huo kwenye kalenda. Lakini mstari wa tatu unasema: "Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani." Ni mahubiri yasiyo na maneno, yaliyoenea duniani mwote, ambayo hakuna awezaye kuyanukuu. Kisha, katika mstari wa saba, zaburi inabadilika ghafla: "Sheria ya BWANA ni kamilifu, huiburudisha nafsi." Wapo wataalamu waliodhani kwamba hizi ni zaburi mbili zilizoshonwa pamoja, nami sina ugomvi nao, maana hata mshono una makusudi yake. Angalia jina. Katika sehemu ya anga Mungu anatajwa mara moja tu, kwa neno la jumla la Kiebrania ambalo mataifa jirani ya Israeli nayo yalilitumia. Kuanzia mstari wa saba hadi mwisho anatajwa mara saba, na kila mara kwa jina lake mwenyewe, lile ambalo Biblia yetu huliandika BWANA kwa herufi kubwa. Anga linajua kwamba yupo, na Neno linajua anaitwa nani.

Liko jambo la pili ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa nimeihubiri zaburi hiyo mara nyingi. Anga halimwulizi mtunzi swali lolote, linamshangaza tu. Alipofika kwenye sheria ya BWANA, ghafla anaanza kujichunguza: "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?" Na anamalizia kwa sala ambayo wahubiri wengi huisema kabla ya kufungua mahubiri, wakimwita BWANA "mwamba wangu, na mwokozi wangu." Mwamba ni neno la asili, lakini mtunzi hakulipata kwa kuutazama mwamba. Mwamba anaoutazama mtu, Mwalimu, unaweza kufyonza maji ukapasuka. Amelipata kwa kuwa amesikia ahadi, na baada ya kusikia ahadi ndipo mwamba ukampa neno la kuomba.

Basi turudi Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, ambayo kwa kalenda ya Kanisa ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Sababu za kimaumbile unazijua kuliko mimi: mvua nyingi katika msimu wa El Niño, mlima wa volkano wenye urefu wa karibu mita 3,420, na sehemu ya mwamba dhaifu iliyojaa maji mpaka ikashindwa kujibeba. Maelezo hayo si adui wa imani, na usiruhusu mtu akwambie kwamba kwa kuyafundisha unamwondoa Mungu darasani. Mwaka 1615 Galileo, akinukuu maneno ya kiongozi mmoja mkuu wa Kanisa, aliandika kwamba Roho Mtakatifu alikusudia kutufundisha jinsi ya kwenda mbinguni, si jinsi mbingu zinavyokwenda. Augustino, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alikuwa amewaonya Wakristo wasiropoke juu ya nyota na majira kwa jina la Biblia, wasije wakawafanya watu wenye elimu waidharau Biblia hata pale inapozungumzia ufufuo.

Lakini mwanafunzi hakuuliza sababu. Aliuliza maana, na hapo ndipo mhubiri alipoingia haraka.

Lazima nimtendee haki mhubiri huyo. Biblia yenyewe husema mara nyingine kwamba maafa ni hukumu: gharika ya Nuhu, nzige wa Yoeli, ukame na tauni za Amosi 4. Mtu akisoma hayo anaweza kudhani amepewa kanuni ya kuitumia popote. Sivyo. Katika kila mfano wa namna hiyo, tukio halikujitafsiri lenyewe. Alikuwapo nabii aliyepewa neno, na Amosi anasema wazi, katika 3:7, kwamba Mungu huwafunulia manabii siri yake. Tena Amosi huyohuyo, katika 9:7, anawashtua Waisraeli kwa swali: je, si mimi niliyewatoa Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri, kama nilivyowatoa ninyi Misri? Yaani kuhama kwa mataifa peke yake hakufunui kitu. Kutoka Misri kulikuwa ufunuo kwa sababu Mungu alisema kabla, akasema katikati, akasema baada ya tukio. Tukio bila neno ni kama herufi zilizomwagika sakafuni. Kila mtu atazipanga apate jina la adui yake.

Eliya alilijifunza hilo mlimani. Mlima Horebu ulikuwa na historia: hapo Mungu alishuka katika moto na mtetemeko mbele ya Musa. Eliya alipofika kule, 1 Wafalme 19, ukaja upepo uliovunja miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na baada ya kila kimoja maandiko yanasema kwamba BWANA hakuwamo. Ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Ni mlima uleule na dalili zilezile, lakini safari moja Mungu yumo na safari nyingine hayumo. Kama Eliya angetumia kanuni ya mhubiri wako, angerudi na ujumbe wa uongo kutoka kwenye mwamba uliopasuka.

Yesu naye aliulizwa karibu swali hilohilo. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, kisha anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Ni kweli kwamba anaongeza mwito wa kutubu, na sitauficha. Lakini mwito huo anawaelekezea walio hai wanaouliza, na hautumii kuwahesabia dhambi waliofunikwa na kifusi. Mtu akitaka kuhubiri toba baada ya Hanang, ahubiri toba yake mwenyewe kwanza, ikiwamo toba ya kuwasema vibaya marehemu wasioweza kujitetea.

Huenda ukaona ninamkaba mhubiri kupita kiasi. Ninafanya hivyo kwa sababu historia ya Kanisa inaonyesha mchezo huu unaishia wapi. Mwaka 1933 walikuwapo Wakristo wengi nchini Ujerumani waliosema kwamba Mungu anajifunua katika taifa lao, katika damu yao, na katika saa ile ya historia iliyomleta Hitler madarakani. Waliitazama historia kama mtu anavyotazama radi, wakasema, tazameni, Mungu amesema. Mwezi Mei 1934 Walutheri na Wareformed, yaani Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin, walikutana mjini Barmen, na kwa tamko lililoandikwa zaidi na mwanateolojia Karl Barth wakasema kwamba Yesu Kristo, kama anavyoshuhudiwa katika Maandiko Matakatifu, ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia, na kwamba Kanisa halina chemchemi nyingine ya kuhubiri kando yake. Mwaka huohuo Barth alimjibu mwenzake Emil Brunner, aliyetaka kuacha nafasi ndogo kwa ufunuo wa asili, kwa andiko lenye neno moja tu kama kichwa: Hapana. Mimi naona Barth alivuka mpaka, kwa kuwa Zaburi ya 19 na Warumi 1 haziwezi kufutwa kwa hofu ya Hitler, hata kama hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini hatari aliyoiona ni ileile unayoisikia mtu anaposimama juu ya kaburi la pamoja na kusema anajua Mungu alikuwa anamaanisha nini.

Je, basi tumwambie mwanafunzi kwamba Mungu hakuhusika kabisa, kwamba mlima ni mlima na Mungu ni Mungu? Jibu hilo lina wema wake, maana linamlinda mfiwa asimwogope Mungu kama muuaji, na watu wengi ninaowaheshimu hulitoa. Mimi siwezi kulitoa, kwa sababu moja. Huko Listra, Matendo 14, Paulo aliwaambia watu kwamba Mungu hakujiacha pasipo shuhuda, kwa kuwa aliwapa mvua na nyakati za mavuno. Ikiwa tunamshukuru kwa mvua ya Novemba, hatuna ruhusa ya kumtoa nje mvua ya Desemba inapozidi. Udongo wa volkano unaolisha mashamba kuzunguka milima kama Hanang na Kilimanjaro umetoka katika tumbo lilelile la ardhi. Asili husema kwa sauti mbili, ya kulisha na ya kuua, na haina namna ya kutuambia ipi ndiyo sauti ya moyo wa Mungu. Paulo anakiri hali hiyo katika Warumi 8, anaposema kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja na vina utungu hata sasa. Kinachougua hakiwezi kuchukuliwa kama picha safi ya aliyekiumba.

Hapa ndipo imani ya Kikristo inaposema jambo ambalo anga halingeweza kulibuni. Mwaka 1518, mjini Heidelberg, Martin Luther aliishika ileile Warumi 1:20 akaigeuza. Alisema hastahili kuitwa mwanateolojia yule anayedhani anayaona mambo ya Mungu yasiyoonekana kwa kupitia vitu vilivyofanyika. Anastahili yule anayeyafahamu yale ambayo Mungu ameyaonyesha katika mateso na msalaba. Hakuwa anakana kwamba nyayo zipo. Alikuwa anasema kwamba mwenye nyayo amegeuka, ametutazama, na uso aliotuonyesha ni uso wa mtu anayekufa.

Na utazame jinsi tukio hilo lilivyosomwa na walioliona. Giza liliifunika nchi, kama Luka anavyosimulia, na watu waliosimama pale walikuwa na ushahidi wote wa macho: huyu Mungu amemwacha. Walisema hivyo kwa kejeli, kwamba Mungu na amwokoe sasa kama anamtaka. Isaya 53 alikuwa ameliandika kosa hilo kama ungamo: "Lakini tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa." Tulimdhania. Ile hukumu ambayo mhubiri wako aliitoa juu ya marehemu wa Hanang ni ileile ambayo katika Isaya watu wanaijutia. Tangu Ijumaa ile, Mkristo anayetazama mwili uliopondwa na kusema "huyu amepigwa na Mungu" anapaswa kuwa mwangalifu sana, maana safari moja iliyo kubwa kuliko zote watu walisema hivyo na walikuwa wanamsema Mungu mwenyewe.

Sasa mdogo wako. Usimnyang'anye mlima wake. Yesu naye alipanda milimani kuomba, na sijui ni mahubiri mangapi, yakiwamo ya kwangu, yanayoshindana na macheo yanayotazamwa kutoka kileleni. Mwulize tu, kwa upole, huyo anayemwona kule juu amemwambia nini. Ikiwa jibu ni amani na ukubwa, hiyo ni kweli, na ni sehemu ya kwanza ya Zaburi ya 19. Lakini je, amewahi kumkosoa? Amewahi kumwambia akamsamehe mtu asiyetaka kumsamehe? Mungu ambaye hatupingi kamwe anafanana sana na sisi wenyewe. Tena hiyo amani hutegemea siku aliyopanda. Waliokuwa chini ya Hanang alfajiri ile nao walikuwa wakikaa karibu na mlima mzuri.

Juu ya mama yake babu yako nitasema kwa heshima, na kwa kifupi kuliko unavyotarajia. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 hawakuleta jina jipya la Mungu kwa Wachaga. Walikuta Ruwa, jina ambalo ni la Mungu na ni la jua pia, na Ruwa akaingia katika ibada za Kikristo za Kichaga, kama Ngai alivyoingia katika Biblia ya Kikikuyu, Nyasaye katika ya Kijaluo, Katonda katika ya Kiganda na Imana katika ya Kinyarwanda. John Mbiti, mwanateolojia wa Kianglikana wa Kenya, alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka mamia ya makabila ya Afrika, akasisitiza kwamba Mungu waliyemhubiri wamisionari alikuwa amekwisha kujulikana hapa kabla ya wao kupanda meli. Nakubaliana naye. Paulo alipoiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana kule Athene hakuivunja. Aliitumia kama mlango. Kama uumbaji ulimtosha bibi huyo kwa wokovu, hilo ni swali ambalo Maandiko yanaliacha mikononi mwa Mungu, na mimi sitalichukua kutoka mikononi mwake. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu hatamdai kwa kitabu ambacho hakuna aliyemfungulia, na kwamba Mungu atakayemhukumu ndiye yuleyule aliyeonyesha uso wake msalabani.

Bila shaka darasani kwako wapo wanafunzi Waislamu, nao watakuwa na la kusema, kwa kuwa Kurani huita ishara za mbingu na ardhi kwa neno lilelile, aya, ambalo huiitia mistari yake. Waache waseme. Tofauti iko katika kile ambacho Wakristo wanaamini kuhusu Neno kufanyika mwili, lakini swali la mwanafunzi wako ni la wote.

Limebaki jambo ambalo hukuniandikia: kama mwanafunzi huyu alifiwa. Inabadilisha kila kitu. Kama aliuliza kwa udadisi, kaa naye na Biblia moja, msome Zaburi ya 19 nzima na Luka 13:1-5, na umwambie wazi kwamba matope hayakuufunua moyo wa Mungu, kwamba wewe hujui kwa nini yalishuka juu ya wale na si juu ya wengine, na kwamba Wakristo hawautafuti moyo huo mlimani bali kwa Kristo. Kama alifiwa, acha Biblia ifungwe kwanza. Msikilize amtaje aliyempoteza, na usijibu swali lake mpaka atakapoliuliza tena. Ukiona hapati usingizi, ameacha kula, matokeo yake ya masomo yameanguka, anajilaumu kwamba kifo kile kilitokana na dhambi yake, au anazungumza juu ya kutotaka kuishi, usiliweke jambo hilo kuwa la teolojia peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha na hospitali, uwaambie walezi wake, kisha umwite mchungaji wa usharika wake aje kukaa naye, si kumhubiria. Na kama familia yake ilimsikia mhubiri yule na maneno yake bado yanawachoma, mwende mkazungumze na viongozi wa kanisa lake ana kwa ana; jambo kama hilo halitibiwi kwa barua kama hii.

Uliahidi kwamba mtazungumza baadaye. Usingoje muhula ujao; mtafute wiki hii, baada ya vipindi, mahali ambapo wenzake hawatawasikia.